Kamba ya Uzamivu

Bibi, mke mwenzangu,

Nimeolewa! Najua huko uliko umeshajua, lakini niache nikwambie mwenyewe. Nimeolewa na Festo wangu, kanisani, asubuhi ya baridi kali, shela langu likipeperushwa na upepo hadi padre akacheka. Kiti chako cha mbele tulikiacha wazi, tukakitandika kitenge chako cha njano. Sasa tunaishi Milanzi, vyumba viwili. Asubuhi tukinywa chai hunishika kidole cha pete, kama mtu anayehakikisha kitu hakijaibwa. Nampenda mpaka naona aibu, Bibi. Pikipiki ikisimama nje moyo unaruka, kumbe ni ya jirani.

Ningeishia hapo, barua hii ingekuwa nzuri.

Unakumbuka siku nilipomleta Festo huko kwako Kasanga umwone? Alikuamkia, akakaa mkekani, nami nikakwambia kwa majivuno kwamba mwalimu huyu wa fizikia anatafuta nafasi ya shahada ya uzamivu Ulaya. Uso ukakubadilika. Ulisikia uzamivu, ukawaza ziwa lililomchukua Babu. "Simpi mjukuu wangu mtu wa kuzama," ulisema. "Nilishakaa ufukweni siku tatu nikimngoja mmoja. Inatosha."

Festo wa watu akahangaika! Akakueleza kwamba ni jina tu la shahada ya juu kabisa, haina maji. Kwamba kuna hadubini isiyotazama. Ina sindano yenye ncha nyembamba kuliko unywele, nayo hupapasa vitu vinavyotumika kutengenezea simu na sola, ijulikane umeme unapotelea wapi. "Kama wewe Bibi unavyopapasa ulezi kutafuta mchanga." Ulikuwa na ungo mapajani, macho yameshaingia ukungu, vidole vinatembea vyenyewe. Ukasema, "Kumbe shahada hiyo mimi ninayo!" Tulicheka hadi kuku wakakimbia. Kisha ukamwita "mume wangu," ukanigeukia: "Mke mwenzangu, wa kuzama ndiye huyu. Wa kushika kamba huku juu ni wewe. Usiiachie."

Bibi, nafasi ile ameikosa.

Nimejua Jumapili iliyopita, nikitafuta picha ya harusi kwenye simu yake. Nikakuta barua. Profesa alimwita kwenye usaili wa mtandaoni, Alhamisi asubuhi. Alhamisi ileile tuliyokuzika. Wao wanamsubiri kwenye kioo, yeye ameshika jeneza lako upande wa miguuni, viatu vimejaa udongo. Angeweza kwenda mjini Matai kutafuta mtandao mzuri. Ningemruhusu. Ningemruhusu? Sijui. Siku ile hata alipotaka kwenda kunawa mikono nilimng'ang'ania.

Baadaye aliwaomba siku nyingine. Wakajibu kwa upole kwamba nafasi ilikuwa moja, imekwisha kupata mtu, na hawatarajii nyingine. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitosha kuelewa. Jibu hilo lilifika kabla ya harusi yetu. Ina maana katika picha zote zile, anapocheka, alikuwa anajua.

Nami nilikuwa nazunguka sokoni nikiwaambia watu mume wangu anakwenda uzamivu. Nilikuwa namfumia sweta la kwenye theluji, zito kama blanketi. Nilipomvisha alisema, "Mke wangu, humu hata theluji itatoka jasho," akageukia ukuta. Nilidhani ni mapenzi.

Vyuo vingine havijibu. Kimoja kilijibu, kinataka mtu aliyekwisha kuitumia mashine hiyo. Ataitumia wapi, Bibi? Shuleni kwao kuna hadubini moja, na kioo chake kimepasuka. Lile daftari lake la michoro ya sindano, alilokuonyesha ukalipapasa kwa vidole, sasa liko juu ya kabati, chini ya masufuria ya harusi. Sweta analivaa akienda kufundisha.

Nilimwambia nimeiona barua. Akasema, "Edita, yule alikuwa Bibi yangu pia." Nikamuuliza, "Utajaribu tena?" Akasema, "Tule kwanza." Tukala. Hajalitaja tena.

Sikulaumu, usije ukafikiri. Hukuchagua siku. Ila nikikukumbuka sasa namkumbuka na yeye amesimama pale kaburini, saa inapita, simu imezimwa mfukoni, na mimi nimeegemea bega lake nikidhani ni langu lote. Nina mume mzuri kuliko nilivyostahili, na kila akinitabasamia nasikia kitu kinazama.

Lala, Bibi. Mtoto wa kwanza akiwa wa kike ataitwa jina lako. Mengine siwezi kukuahidi, maana siyaoni. Lakini kamba uliyonipa ningali nimeishika. Imelegea. Nikiivuta, chini kuna kimya. Siiachii.

Mke mwenzako,
Edita