Saa Saba ya Huku

6 Februari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu mzima wa afya, ukiacha mgongo, ambao nimeuzoea kama jirani mkorofi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Daktari ameona uvimbe kwenye titi na anataka utolewe mapema. Wewe umeacha kwenda, unalala kwenye mkeka wa Mama Mikono akupitishie nguvu kwa viganja. Anasema ndani yako yumo mwingine, nafsi ya juu isiyougua, na kisu kitamkatia njia. Dada, mimi niliishia darasa la tano, mambo ya juu siyabishii. Lakini kama huyo wa juu haugui, anayeugua ni wa chini, na wa chini ndiye aliyenibeba mgongoni.

Kazi yangu ya huku ughaibuni unaijua. Nafua mashuka ya hospitali. Ya wodi ya upasuaji huja na damu. Naanza na maji baridi, nachemsha, napiga pasi ya mvuke, yanarudi wodini. Ya marehemu huja peke yake, kwenye mfuko uliofungwa. Mifuko hiyo ni michache. Yenye damu ni milima. Wengi hukatwa wakaamka.

Nenda, nakuomba. Na usinipigie, kwetu simu ni ya msiba. Andika.

Mdogo wako


18 Februari

Mdogo wangu,

Mgongo pole. Cherehani yangu nayo inalalamika, nyumba yetu nzima inafanana.

Hukuniudhi. Ila wewe hujalala kwenye ule mkeka. Hospitali walinigeuza kama nguo ya kupunguzwa. Mama Mikono aliniuliza ninaogopa nini. Hakuna mwingine aliyeniuliza.

Tupatane. Anasema nguvu huzidi wakikaa wawili wa damu moja. Kuanzia tarehe mosi Machi, siku ishirini na moja, saa saba mchana ya huku, kaa kimya robo saa, viganja juu, unifikirie. Uvimbe usipopungua, nitaenda nikakatwe. Ukikosa hata siku moja, usinitajie kisu tena.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Hujambo? Mimi nimechoka, sikufichi.

Siku zote ishirini na moja nilikaa, kwenye benchi nyuma ya mashine za kukaushia, saa tano, muda wetu wa chakula, kwa kuwa zamu huanza alfajiri. Viganja juu. Wenzangu wakaniuliza kama nasubiri mvua ndani ya nyumba. Juzi mwenzangu wa pasi, tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani, akasema, "Kwa nini saa tano?" Nikamweleza: dada hukaa saa saba, tofauti yetu saa mbili, nimetoa mbili. Akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Ndugu yangu, huku jua linatangulia. Ulitakiwa kujumlisha. Ukikaa wewe, kwa dada yako ni saa tatu, anafagia."

Basi kila siku nilikutangulia kwa saa nne. Saa saba yako mimi nilikuwa napakia mashuka garini nikigombana na dereva. Na siku sita kati ya hizo, pale kwenye benchi, nilisinzia.

Ningeweza kunyamaza, ukaenda. Ila umelala na hofu muda mrefu, sikutaka nikuongezee uongo. Mkosaji ni mimi, dada. Adhabu isiwe yako. Mikono yangu ina joto kweli, lakini ni la pasi.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu, bingwa wa hesabu,

Huku wote salama, ukinitoa mimi.

Barua yako ilikaa chini ya cherehani siku mbili, sitaki hata kuiona. Maana kila saa saba nilihisi joto, hapa begani, na nilisema, huyo amefika. Nikaenda kwa Mama Mikono. Akasema nguvu haijui saa.

"Basi saa saba ulinipangia ya nini?"

Akakunja mkeka, akaukunjua tena. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama daktari alisema bado kuna muda. Sidhani ananidanganya. Anaamini, naye anaogopa.

Nikawaza nikishona. Joto lilikuwepo, wewe hukuwepo. Basi lilikuwa langu. Kama yupo huyo wa juu, ndiye huyo anayekaa nami ninapoogopa. Sasa mtu kama huyo, kisu kitamkatia njia gani?

Uvimbe haujapungua. Naingia hospitali tarehe 16.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Salamu za leo ni fupi. Siku kumi na moja zimepita na simu haijalia. Naichaji huku naiogopa. Mfuko uliofungwa ukishushwa garini nageukia ukutani, ingawa najua hospitali yako si hii.

Sasa nakaa saa tisa ya huku, saa saba yako. Profesa ananipakilia mashuka garini. Sisinzii.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Simu haikulia kwa sababu nipo. Mwandiko umelala upande, univumilie. Mkono wa kulia bado haunyanyuki vizuri. Wametoa titi lote. Majibu ya maabara bado, kwa hiyo usinishangilie mapema.

Nilipozinduka nilitafuta saa ya ukutani kabla ya kuuliza neno. Saa nne. Nikajumlisha mbili: kwako saa sita, umeshakula, umerudi kwenye pasi. Pembeni ya shuka langu palikuwa na damu. Nikamwambia nesi, "Lianze na maji baridi." Akadhani dawa bado hazijaniisha kichwani.

Mwambie Profesa apumzike, na wewe urudi kwenye kazi yako. Saa saba niachie, naiweza. Saa tano ukishakula, lala hapo kwenye benchi.

Dada yako