Gasketi za Gari la Kanada

Gerezani, Dar es Salaam
Jumapili

Mume wangu, Baba Asumini,

Nawasalimu wewe na watoto, na naomba barua hii iwakute mmeshiba na hakuna anayekohoa. Kifua cha Asumini kimeachia? Na mgongo wako, bado unabeba magunia mwenyewe au umekubali kusaidiwa? Mimi ni mzima. Ningekupigia, lakini simu ya huko inakatikakatika, na habari hii haisemeki vipande vipande. Nimempa mjomba wako anayerudi Masasi kesho.

Tulikubaliana kwamba korosho zikiisha kuvunwa sijapata mahali pa kudumu, nirudi. Moyoni nilishaanza kufungasha. Kukata gasketi, zile karatasi ngumu na mabati yanayokaa kati ya vyuma vya injini ili maji na oili visivuje, nilikuwa nafanyia vibarazani kwa watu, leo hapa, kesho pale. Kazi wananipa, pa kukaa hawanipi. Wengine wakimwona mwanamke ameshika nyundo wanauliza fundi yuko wapi.

Sasa sikia. Kuna mzee Kariakoo, Mzee Salum, babu zake walitoka Arabuni, anauza vyombo vya jikoni. Uani kwake kulikuwa na gari refu, pana, lililoundwa Kanada, alilonunua baba yake likiwa jipya. Halikuwaka miaka mingi. Nyumba inabomolewa ijengwe ghorofa, na wajenzi wamemwambia gari litoke: ama litembee, ama likatwekatwe liuzwe chuma chakavu. Akamwita Fundi Mkude, mwenye gereji ambayo nilikuwa nakaa kibarazani kwake, na Fundi akanibeba kwa ajili ya gasketi.

Nikakuta yeye na Mzee walishaagiza gasketi za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kutoka Marekani mara mbili, kwa jina lililoandikwa ubavuni mwa gari. Zote hazikai. Matundu yako huku, boliti ziko kule.

"Mzee, tuing'oe hii," Fundi Mkude akasema. "Tuweke injini ya Kijapani, uondoke zako."

Mzee Salum akatikisa kichwa. "Nilijua tu. Hii si injini yake. Ya asili aliiuza Nassoro."

Nikauliza Nassoro ni nani. Mkewe ndiye aliyenieleza: Nassoro ni mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa Buguruni. Zamani gari lilipelekwa kwake kutengenezwa. Liliporudi, fundi mwingine akafunua boneti, akakuta injini ina jina la kampuni nyingine kabisa, akasema imebadilishwa. Nassoro aliapa hakuigusa. Tangu siku hiyo ndugu hawa wanakutana misibani tu, na hata huko kila mtu na mkeka wake.

Neno lile likanikaa. Nikamwomba yule mama kitabu cha gari, akanitolea kabatini, kimefungwa kwenye nailoni. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilinitosha. Kimechapishwa Kanada, na mna ukurasa wa injini ambazo mnunuzi aliweza kuchagua. Kulikuwa na ya silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, kwa asiyetaka kula petroli. Kulikuwa na V8 ndogo, silinda nne kila upande. Halafu V8 kubwa za wenye haraka zao. Upana wa silinda za ile V8 ndogo umeandikwa: inchi nne kasoro nusu robo.

Nikapima yetu. Inchi nne kasoro nusu robo. Nikapima zote nane.

"Kipimo si ushahidi," Fundi Mkude akasema. Kweli. Lakini nyuma ya kitabu mlikuwa na karatasi ya dhamana yenye namba ya injini. Nikakwangua kutu na grisi kwenye chuma mpaka namba ikatokea. Ni ileile, tarakimu kwa tarakimu. Fundi akaperuzi simu yake muda mrefu, kisha akacheka peke yake. Kumbe magari ya jina lile yaliyoundwa Kanada yalikuwa yanawekewa injini za kampuni dada. Ya Marekani ndiyo yenye injini nyingine. Ndiyo maana gasketi hazikai.

Niliogopa, mume wangu. Unamwambiaje mzee kwamba amemwonea ndugu yake miaka yote hiyo? Nikamwambia hivyohivyo, nikamsomea namba ya kwenye chuma na ya kitabuni. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. "Tena." Kisha akakaa kwenye bampa, akamwambia mkewe, "Mwiteni Nassoro."

"Mfuate mwenyewe," mkewe akajibu.

Tukaenda naye Buguruni, mimi nimebeba kitabu. Nassoro naye ni mzee, ndevu nyeupe, mikono ya oili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Mzee Salum akanisogeza mbele na kitabu. Nikaeleza mimi.

Nassoro akasema taratibu, "Nilikwambia."

"Uliniambia. Nikamsikiliza mtu baki, nikakuacha wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

Nassoro alifuta mikono kwa kitambaa. "Nitasamehe. Leo sina maneno. Niachieni kitabu."

Tulirudi wanyonge. Siku ya tatu nilikuwa uani nachoma bati la shaba nyekundu ili lilainike nikate gasketi zangu, nikaona Nassoro anaingia na sanduku la spana. Hakusalimia. "Valvu mmeziweka wapi?" Mzee Salum akaingia ndani haraka. Alirudi na chai mkononi, macho mekundu.

Tulipoliwasha mara ya kwanza maji yalivuja upande wa kushoto. Nikafungua, nikakata gasketi nyingine. Mara ya pili injini ikanguruma, haikuvuja hata tone, na wajenzi wakaja kutazama. Gari limetoka getini Nassoro akiendesha, kaka yake pembeni, shemeji yake nyuma.

Fundi Mkude amenipa meza ndani ya gereji, na kazi za Buguruni Nassoro ananiletea mimi. Kwa hiyo naomba nibaki, na shule zikifungwa uje na watoto mpaone. Kama hutaki, niambie wazi, nitakusikiliza.

Nisalimie mama mkwe, na baba yangu akirudi kijijini, na jirani yetu anayemsuka Asumini. Na dada yako mkubwa, ambaye hajaniambia neno tangu nilipoondoka nyumbani, mpelekee salamu zangu kwa jina lake. Mwambie mimi ndiye niliyeanza kusalimia.

Mkeo,
Mama Asumini