Mulango wa kabati ya Mukasine

Kaka, sikia ya Valens wetu wa atelier ya mbao! Asubuhi anajisifu: "Panneau ya MDF, miye naikata macho yakiwa yamefungwa!"

Na ubao huo iko moja tu, ya mulango wa kabati ya Mukasine, mukiliya wetu, naye amesimama anatuangalia. Ndoa yake iko kesho!

Mètre yetu ya kupimia ilikatika kichwa, tunaanzaka kupima ku kumi, njo unaongeza kumi ku mwisho. Mulango ulikuwa wa sentimita makumi sita, alama ilipaswa kuwa ku makumi saba. Valens akatia alama palepale ku sitini, musumeno ukapita.

Tukapima: makumi tano. MAKUMI TANO, kaka!

Mukasine: "Valens, hapa paka atapita!"
Ye, bila haya: "Hiyo nafasi iko ya hewa, dada. Ku Goma bote banafanya hivi."

Nikacheka mupaka machozi. Mukasine akanigeukia: "Wewe njo ulishika mètre ku kumi, ukanyamaza. Nilikuona."

Sasa kaka, hata miye nasema: iko ya hewa.