Babu Hakutaka Udongo

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Huna adabu. Naanza na hilo kwa sababu salamu zinaweza kungoja. Mtu mzima mwenye kazi yako, unamtumia mjomba wako ujumbe wa sauti kumwita mchoma mkaa! Unasema amemchoma baba yake kwa uvivu wa kuchimba kaburi! Na mimi nikikupigia, unakata. Haya. Simu inakatika, barua haikatiki. Nimeiandika kwa mkono wangu, na usicheke mwandiko. Shule niliionja tu, sikuimeza, lakini ilitosha kukufundisha wewe herufi zako za kwanza hapo jikoni.

Sasa salamu. Hujambo? Natumaini u mzima huko kwenye kufua mashuka ya hoteli, na ule mvuke haukusumbui kifua. Unakula? Usinidanganye. Mimi sijambo. Miguu ndiyo ina maneno yake asubuhi, lakini ikifika saa ya chai huwa tumeshaelewana. Mjomba wako kinyozi naye hajambo, anakusalimu, ingawa wewe hukumsalimu. Jirani yetu Redio Mbao ni mzima pia, na kama unavyomjua, habari haivuki mtaa huu bila kulala kwake kwanza. Ndiye aliyeniambia kwamba umeapa hutakanyaga nyumba hii tena wala hutashika mkono wa mjomba wako. Nyumba hii tumebaki watatu: mimi, yeye na wewe. Mimi nami safari yangu haiko mbali. Nikiondoka mkiwa mmenuniana, mtabaki kila mtu na upande wake kama viatu vya kushoto. Sitaki. Kwa hiyo tulia usome hadi mwisho.

Jambo la kwanza ulielewe: mjomba wako hakuamua kitu. Babu yako aliomba mwenyewe, kwa mdomo wake, akili zake zote zikiwa nyumbani.

Ilikuwa hospitalini, chai imempoa mkononi. Aliniambia akifa asizikwe, achomwe. Nilidhani ni homa. Nikamshika paji la uso, halina kitu. Nikamwambia mtu si majani ya kufagia uani ukayawashia kiberiti, na kama amechoka kuwa mume wangu aseme tu. Akageukia ukuta. Tulinuniana, wazee wazima, hadi muuguzi akaja kutuuliza kama tumegombania chakula.

Nakwambia kweli, niliogopa. Mimi nilijua kaburi tu. Kaburi unalitembelea, unang'oa magugu, unamsema marehemu pale pale alipolala. Moto ni wa nini? Nikaja nyumbani na dukuduku langu, na kosa langu ni kwamba Redio Mbao alinikuta mlangoni nikiwa nalo usoni. Alipolitoa lote, akanipa la kwake. Akasema maiti wakitiwa motoni hukaa kitako na kupiga kelele. Akasema majivu ya watu wote hufagiliwa pamoja, unapewa kopo la mchanganyiko, unarudi nyumbani na robo ya mumeo na mume mzima wa mtu. Usiku ule sikula.

Asubuhi nikamwambia mjomba wako anipeleke nikaone kwa macho yangu. Hakutaka. Alinisihi njia nzima, akasema yeye kaburi atalichimba kwa mikono yake, hata liwe kwenye mwamba, ilimradi baba yake asichomwe. Umesikia? Huyo unayemwita mvivu. Tulipofika alikataa kuingia, akabaki nje anapiga mateke kokoto.

Nilitegemea moshi mweusi na harufu. Nilikuta jengo la kawaida kama ghala, bustani iliyomwagiliwa, na dohani fupi ambayo juu yake hewa inatetemeka tu, kama juu ya bati saa sita mchana. Mtu wa tanuri ni mnene, miwani ameifunga kamba shingoni, sauti yake ya chini kama anambembeleza mtoto. Nilimuuliza kila kitu. Sikumwonea haya, na yeye hakunionea.

Ndani ya tanuri ni matofali matupu, chumba kimoja cha kumtosha mtu mmoja. Wawili hawaingii. Kila anayekuja anapewa kibati cha chuma chenye namba yake, kinaingia naye na kutoka naye, kwa hiyo habari ya robo ya mume ni ya Redio Mbao peke yake. Nikauliza kuhusu kukaa kitako. Akaniambia joto hukaza misuli, mkono unaweza kujikunja kidogo, lakini hakuna aliyewahi kuinuka, na kelele inayosikika ni ya moto wenyewe, kama jiko kubwa linavyovuma. Nikauliza jeneza kama wanalitoa kwa mlango wa nyuma wakaliuze tena. Alicheka, akasema linaungua pamoja na mwenyewe. Kinachobaki ni mifupa mieupe, mikavu. Wanaiacha ipoe, wanatoa misumari kwa sumaku, halafu wanaisaga. Muda wa moto ni kama wa kuivisha maharage makavu, na usininunie, kila mtu hupima kwa kipimo anachokijua.

Alinionyesha pia mlango unavyopanda. Nikachungulia. Nilikuwa nimejiandaa kuona jehanamu, mjukuu wangu, nikaona chumba kisafi cha matofali. Hakuna funza humo. Hakuna maji yanayoingia. Nikasimama pale nikahisi kitu kimenishuka mabegani, wala sikujua nilikuwa nimekibeba.

Na kama unataka kuniuliza kuhusu Mungu, nilishajiuliza kabla yako. Walioliwa na samaki atawapata, walioungua na nyumba zao atawapata. Aliyemuumba mtu kwa mavumbi hatashindwa na majivu.

Nikarudi hospitalini kama mtu aliyetumwa kukagua nyumba ya kupanga. Nikamweleza babu yako yote, tangu bustani hadi sumaku. Alisikiliza amefumba macho. Aliniuliza kama humo ndani kuna udongo. Nikamwambia hakuna hata punje, ni matofali. Akaniuliza kuta za ukumbi zimepakwa rangi gani. Nikamwambia nyeupe, na aliyepaka ameacha machirizi mlangoni. Akafungua macho, mpaka rangi ni mpaka rangi, akasema fundi huyo afungwe, na kama angepata nafuu angeenda kuirudia kazi ile kabla hajautumia ukumbi. Tulicheka hadi akakohoa. Siku ile alilala usingizi mzito mchana kutwa, mdomo wazi, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona amelala hivyo.

Mengine unayajua. Alikwenda taratibu, mkono wake mkononi mwangu. Mjomba wako alimnyoa mwenyewe mochwari, ndevu na shingo, akampaka mafuta, akamchana nyusi zile zilizokuwa zinatutisha. Alipendeza hadi nikamwonea wivu.

Sasa cheka kidogo, wewe ambaye hukuwapo, maana mimi nimeshacheka. Mtu wa tanuri alituuliza kama kuna kitu chochote jenezani: chupa, kiberiti cha gesi, betri, kwa sababu vinalipuka. Watu wote wakasema hakuna. Mimi nikanyamaza kama kuku aliyenyeshewa. Nilikuwa nimemwekea redio yake ndogo kwapani. Ungeniambia nini? Mtu asiyelala bila kusikia matokeo ya mpira, nimpeleke safari ile mikono mitupu? Sanduku likaanza kusogea kwenye magurudumu, nikaona bora aibu kuliko kulipua nyumba ya watu, nikapiga kelele wasimame. Mjomba wako akafungua, akapeleka mkono kutafuta, kidole kikagusa kitufe, na redio ikawaka ikatangaza goli kwa sauti ya juu kabisa. Redio Mbao alifika getini kabla sisi hatujageuka. Kiatu chake kimoja tulikiokota baadaye. Mtu wa tanuri alilazimika kuvua miwani afute machozi. Ndivyo tulivyomuaga babu yako, mjukuu wangu, kwa kicheko, na sijutii.

Jioni tulipewa majivu. Si meusi kama ya jikoni. Ni ya kijivu cheupe, yana chenga kama chumvi ya mawe, na uzito wake ni kama mfuko wa unga. Nimeyaweka chumbani karibu na dirisha. Kila asubuhi namwamkia, namsema anavyostahili.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nitafute kalamu. Kaa chini kama umesimama.

Kabla hajawa mpaka rangi, babu yako alikuwa akichimba mitaro ya mabomba ya maji. Mama yako hakuwa amezaliwa. Siku moja baada ya mvua kubwa, ukuta wa mtaro uliporomoka ukamfunika yeye na mwenzake. Mwenzake hakutoka. Babu yako alikuwa chini huko, udongo mdomoni, udongo machoni, anasikia majembe juu yake na watu wakibishana wachimbe wapi, na hana uwezo wa kuita. Koleo liligusa kisigino chake, ndipo wakamvuta. Aliporudi nyumbani alikaa kizingitini, hakuingia ndani hadi kesho yake. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote maisha yangu yote. Kijana wa miraba minne anaogopa udongo! Aliona watamcheka.

Ndipo akaacha sururu akashika brashi. Watu walimsifu kwa ushujaa wa kupanda ngazi ndefu kuliko mafundi wote. Ushujaa gani! Mtu alikuwa anakimbia chini. Mlango wa chumba chetu haukufungwa hata siku moja. Wewe ulidhani anakuvizia usichelewe kurudi. Hakuwa anakuvizia. Alikuwa anapumua.

Na lile swali lako la utotoni, ambalo nilikufokea badala ya kukujibu. Uliniuliza kwa nini babu hakuja kumtupia mama yako udongo siku ya maziko, kwa nini alibaki getini kama mpita njia. Najua ulimwekea kinyongo, kwa sababu siku ile ulikataa kumpa mkono hadi nyumbani. Alijaribu, mwanangu. Alifika mahali ambapo rundo la udongo linaonekana, na miguu ikagoma. Aliniambia alimpenda yule binti kuliko macho yake, lakini hakuweza kusikia koleo la kwanza likishuka. Alilia hadi asubuhi, mlango wazi.

Mtu kama huyo, mimi nimfukie? Nisimame juu yake nisikie majembe?

Hayo nilimwambia mjomba wako kwenye benchi la mochwari, kwa sababu hata pale alikuwa bado anakataa. Alilia kama mtoto, akasema basi, tumchome. Nikamwapisha naye asiseme. Ndiyo maana ulipomtukana alinyamaza. Alikuwa na neno moja la kujitetea, na neno hilo lilikuwa siri ya baba yake, akalimeza. Huyo ndiye mchoma mkaa wako. Na kitufe cha tanuri, kama unatafuta wa kumlaumu, nilikibonyeza mimi. Mjomba wako alinyoosha kidole, akakirudisha. Mimi changu sikukirudisha.

Kiapo nimekivunja leo, kwenye karatasi hii, kwa ajili yenu wawili. Na babu yako nitamalizana naye nikifika. Tumegombana kwa makubwa zaidi ya hili na tukapatana.

Huku mvua imenyesha wiki nzima. Zamani nilikuwa nikijiambia kwamba huyu mzee akitangulia, kila mvua itanikuta macho, nikimfikiria huko chini. Imenyesha, mjukuu wangu, imepiga bati usiku kucha, na mimi nimelala fofofo.

Wasalimu wenzako wa kufulia, mwambie yule msimamizi wenu mkali kwamba bibi yako ni mkali zaidi. Babu yako alitaka apelekwe juu, penye upepo. Kuna kile kilima cha nyuma ya tangi la maji, mjomba wako ameshakipanda akaona njia inapitika hata kwa miguu yangu. Hatuendi bila wewe. Omba ruhusa kazini, uje na viatu vya maana, si vile vyako vya visigino.

Lakini hilo ni la baadaye. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mpigie mjomba wako. Asipopokea, piga tena, maana huwa na mteja kitini. Akipokea usianze na hadithi wala na kilio. Anza na samahani.

Mimi bibi yako, nikupendaye pamoja na ujinga wako.