Ukuta Usiosema Umekwama

Jumatatu, 9 Juni 2025
Lusweti amerudi kutoka semina, kichwa kimejaa Scrum na Kanban. Kampuni ya watu wanne hapa Riruta Satellite, mteja mmoja tu — na sasa tunatafuta mtindo wa kutengeneza programu! Bosi ni yeye lakini kunichagulia mzigo hakumshindi: Phanice, wewe ndiye unaongeanga na Magdaline, amua tufuate upi. Magdaline ana vibanda vya maji Mashimoni. Anataka app ya kuwaambia watu maji yamefika kibanda gani. Akituacha, tunafunga.

Jumatano, 11 Juni
Tumeanza na Scrum. Kila asubuhi tunasimama, kila mtu aseme anafanya nini na amekwama wapi. Lakini hapa hakuna mkutano unaoanza bila maombi. Lusweti akaomba, tukaitikia amina — na baada ya amina nani atalalamika? Mwenzangu Dalmas anamshukuru Mungu, kazi inaendelea. Adhis vilevile. Ushuhuda mtupu, kama Jumapili. Nami nikashukuru, ilhali ramani ya vibanda imenigomea tangu jana. Nimejikasirikia mchana kutwa.

Ijumaa, 13 Juni
Magdaline alikuja. Bomba limehamishwa, anataka vibanda viwili vibadilishwe kwa app leo leo. Lusweti akamwambia kazi ya wiki mbili imeshapangwa, haiguswi.
"Na maji pia uliiambia ingoje wiki mbili?"
Akaondoka bila kuaga. Nimetembea hadi Gatwekera nikijibishana na Lusweti kichwani. Scrum haitufai.

Jumatatu, 16 Juni
Kanban basi. Karatasi za rangi ukutani, safu nne: Inangoja, Inafanywa, Imekwama, Imeisha. Jambo likija, linaingia siku hiyo hiyo. Vibanda viwili tumebadilisha kabla ya chai. Tena kwa karatasi hakuna kusimama mbele ya watu. Aliyekwama anabandika tu, kimya kimya. Nilijiona mjanja kweli.

Jumanne, 17 Juni
Imekwama — tupu. Dalmas ametumbulia macho kosa lile lile tangu asubuhi. Karatasi yake iko Inafanywa. Yangu pia, na ramani bado imegoma.

Jumatano, 18 Juni
Naandikia kwenye ngazi, nje ya ofisi. Magdaline amekuja kuonyeshwa app. Ikafunguka, ikaganda. Lusweti akasingizia mtandao.
Mama wa watu hakugombana. Alienda ukutani, akasoma polepole, kidole kikasimama kwenye Imekwama.
"Hapa hakuna kitu. Kwani nyinyi hamkwamangi?"
Dalmas akaangalia viatu vyake.
"Sawa. Mimi nimekwama."
Magdaline akachukua karatasi ya njano, akaandika jina lake, akaibandika pale. Kisha akavuta kiti, akaketi. Anangoja.
Nimesema naenda choo. Nimetoka na karatasi yangu, niliibandua nikipita. Naona haya, na ninaogopa. Nikiihamishia Imekwama, wote watajua wiki nzima nilikuwa nashukuru bure. Nisipoihamisha, huyu mama anaondoka, na safari hii harudi.
Lusweti ananiita nirudi ndani. Ati kabla hatujaongea, tuombe kwanza.