Mkono wa Mzee na Kompyuta Uliyotutumia

Chanika,
S.L.P. 63,
Handeni.
17 Oktoba, 2004.

Mpendwa kaka Kibwana,

Asalaam aleikum, na shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Muscat, wewe na wifi Maryamu na watoto. Vipi mgongo wako, bado unakusumbua ukisimama kutwa pale gereji? Na lile joto mlilokuwa mnalilalamikia limepungua? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mzee anakula vizuri, anaswali akiwa amekaa kitini, na juzi alitembea mpaka barabarani bila fimbo. Mvua za vuli bado hazijaanza, maji tunanunua ya mkokoteni. Cherehani yangu nayo inakwenda, watu wanashona nguo za Idi mapema mwaka huu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini tangu mwezi wa nane nakujibu kwa mkato. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha simu, watu wamepanga foleni nyuma yangu, sikuweza kusema. Leo nimekaa niandike yote. Ninakuomba usome hadi mwisho kabla hujampigia simu mtu yeyote.

Unakumbuka habari za kompyuta ya zamani ya Mzee? Shamba la chai lilipouzwa na madereva wakapunguzwa, ofisi iligawa vitu chakavu, naye akarudi nyumbani na ile kompyuta yenye kioo kidogo. Ndani yake ulikuwemo mchezo wa lori linaloshuka mlimani. Wewe ulikuwa umeshaondoka, hukuona alivyoupenda. Miaka ishirini na mbili aliteremsha majani ya chai kutoka Dindira hadi Korogwe, na hata kwenye mchezo alikuwa akiniambia, "Hapa gia namba mbili, Mwaija. Breki usiitegemee."

Alipopata kiharusi mwaka jana, mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimwambia afanye jambo lolote litakalovishughulisha vidole vya mkono wa kulia kila siku. Mzee akachagua lori lake. Mwanzoni alibonyeza kwa kidole kimoja, lori linatumbukia bondeni, naye anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kufika mwezi wa tatu alikuwa anatumia vidole vinne, na alikuwa anashika kikombe cha chai mwenyewe kwa mkono huo huo. Halafu Aprili ikapiga radi, umeme ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua.

Ulipotuma nyingine kutoka huko, mpya na ya kisasa, nilikushukuru, na leo nakushukuru tena. Ulisema Zaidi aipokee bandarini, aitengeneze kwenye karakana yake Korogwe, kisha atuletee. Nikaona sawa kabisa. Nani mwingine? Mtoto wa shangazi yetu, aliyekuja kwetu na miaka tisa mama yake alipofariki, akalala nawe chumba kimoja mpaka akaota ndevu. Mzee akimtambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni mwanangu wa pili."

Alifika nayo mwezi wa saba. Akaifunga mezani, akaingiza mchezo kutoka kwenye disketi za Mzee. Nikapika wali na kuku, na Mzee akamwombea dua ndefu mpaka chakula kikaanza kupoa.

Tulipomaliza dua, Mzee hakugusa chakula, alikwenda kukaa kwenye kompyuta. Lori likakataa kumtii. Akibonyeza kushoto, linakwenda mbele, linaganda, halafu linakata kushoto wakati kona imeshapita. Picha zinaruka, sauti ya injini inakatika kama mtu mwenye kwikwi. Alijaribu mara tano, na mara tano alikwenda bondeni. Mwishowe akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua, akauweka pajani.

"Huu umekufa," akasema. "Nauamrisha haunisikii."

Zaidi alikuwa amekaa pembeni yake na paja la kuku mkononi. Akamwambia, "Ndiyo uzee, mjomba. Mashine hizi za siku hizi zina kasi, mkono wako hauziwezi."

Nami nikaamini, kaka. Nikamfariji Mzee badala ya kuuliza.

Kuanzia siku hiyo hakuigusa tena. Niliifunika kwa kitambaa cha kochi, ikabaki pale kama jeneza. Alikataa kurudi kwa mtaalamu wa mazoezi, alisema hakuna haja ya kumsumbua mtu kwa kitu kilichokwisha. Kikombe kikarudi mkono wa kushoto. Mwezi wa tisa vidole vilikuwa vimeanza kujikunja ndani, nikawa namfunga vifungo vya shati asubuhi, naye anaangalia ukutani. Zaidi alikuja mara mbili katika kipindi hicho. Alikaa, akala, akamwangalia, akaondoka.

Na mimi nilikukasirikia wewe. Nilijiambia moyoni kwamba umetutupia takataka ya Waarabu ili uonekane umetuma. Ndiyo sababu ya yale majibu ya mkato. Kwa hilo la kukudhania bila kuuliza, nisamehe.

Aliyetufumbua macho ni Nasinkoi. Humjui. Kwao ni wafugaji wa huku tambarare, alisoma Arusha, na sasa anafundisha kompyuta kwenye kituo kimoja karibu na soko. Alikuja kuchukua gauni nililomshonea. Akaona kitu kimefunikwa, akauliza, nikamweleza habari za mkono wa Mzee. Akaomba ajaribu. Mzee alikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

Alicheza kidogo tu, akageuka. "Dada Mwaija, mimi mkono wangu ni mzima. Lori hili halinisikii mimi pia."

Nilisikia kiti cha Mzee kikilia kule chumbani. Akaja akasimama mlangoni. "Sema tena, mwanangu," akamwambia.

"Shikamoo mzee. Nasema si mkono wako. Ni mashine."

Nasinkoi alirudi mara tatu, kila mara mchana. Kwanza aliiambia Windows iuchukulie mchezo kama wa zamani, akapunguza rangi, akazima programu zinazojiwasha zenyewe, akanyamazisha sauti. Ikapata nafuu kidogo, lakini kwenye kona ikaganda vilevile. Siku ya pili alileta programu inayojifanya kompyuta ya kizamani ndani ya hii mpya, ambayo mwendo wake unaongeza au unapunguza upendavyo. Ndiyo kwanza mashine nzima ikaelemewa, hata kipanya hakisogei. Alikunja uso. Akasema kompyuta ya aina hii haiwezi kuhema hivyo kwa mchezo mdogo namna ile, akafungua ukurasa unaoonyesha memori iliyomo ndani. Sitini na nne.

Nikaenda kuchukua ile karatasi uliyoiweka ndani ya boksi, uliyoandika kwa mkono wako. Memori mia tano kumi na mbili. Kadi ya picha ya kwake peke yake.

Aliomba bisibisi, nikampa ya cherehani. Alipofungua ubavu, pale pa kadi ya picha palikuwa patupu, na tundu la nyuma limezibwa kwa kipande cha katoni. Memori ilikuwa moja, ndogo, na pembeni yake nukta ya rangi ya kucha, nyekundu. Unamjua mwenye nukta hiyo. Vitu vyote vya karakana yake anavitia hiyo rangi, wateja wasimbadilishie.

Kesho yake nilifunga kazi, nikapanda basi la asubuhi kwenda Korogwe. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Zaidi alinichangamkia, akataka kuagiza soda. Nikaweka ile memori mbele yake juu ya meza.

Hakukana. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Akasema, "Mchezo wa kizamani hauhitaji memori yote ile, dada. Nilijua Mzee ataendeshea lori tu. Mtu alikuwa na haraka na mashine yake, nikaona nimsaidie." Vitu hivyo viko Dodoma sasa, ndani ya kompyuta ya mtu asiyemjua hata jina la pili.

"Ulipomwambia Mzee mkono wake hauwezi," nikamuuliza, "ulikuwa unajua kwamba ni mashine?"

Akawa anachezea parafujo. "Nilijua itakuwa nzito kidogo. Sikujua kama ataacha."

"Ulikuja mara mbili. Uliona ameacha. Uliona vidole."

Akaiweka parafujo chini. Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike barua hii. Nitayaeleza, ngoja nimalize kwanza ya Mzee.

Niliporudi na ile memori kutoka Korogwe, Nasinkoi aliirudisha mahali pake, hakukata tamaa. Alisema kama mashine imenyang'anywa nguvu, basi tuiondolee mzigo. Akaiwasha kwa disketi, kwa mtindo wa zamani, bila kupitia Windows kabisa, ili isiwe na kazi nyingine ila lori. Loo! Lori likaondoka kama limekatika breki, mlima mzima likaushuka kwa kufumba na kufumbua. Mashine ya leo ilikuwa na mbio kuliko mchezo ulivyozoea. Akaongeza kiprogramu kidogo cha kuipunguza mwendo, na hapo Mzee akasogeza kiti.

"Punguza," akawa anasema. "Bado. Punguza tena. Hapo! Huo ndio mwendo wa lori lenye shehena."

Sauti haipo mpaka leo, injini anaiunguruma mwenyewe. Lakini alibonyeza kushoto, na lori likaenda kushoto papo hapo. Akabonyeza kulia, likaenda kulia. Alifanya hivyo mara nyingi akiwa hajaanza hata kuteremka, haangalii kioo, anaangalia vidole vyake. Kisha akalia. Tangu Mama atutoke sikuwahi kumwona akilia, na sikujua nishike wapi.

Alipotulia akaniuliza, "Zaidi alijua?"

Nilitaka kudanganya, mdomo ukakataa. "Alijua, Baba."

"Na mimi nilimwombea dua," akasema. Basi. Hajalitaja jina lake tena. Ijumaa iliyopita Zaidi alikuja na mfuko wa sukari. Mzee aliitikia salamu yake, akaendelea kuendesha. Zaidi alisimama hapo mpaka akachoka, akaweka sukari mlangoni, akaenda zake. Sikumkaribisha kiti. Sukari nimempa jirani.

Mzee amerudi kwa mtaalamu. Vidole vitatu vinafunguka, kikombe anakishika kikiwa nusu. Kidole kidogo bado kimekunjika, na mtaalamu hafichi: ile miezi miwili ya kukaa bure imekula sehemu ambayo huenda isirudi.

Sasa yale maneno. Zaidi alinitazama usoni akasema, "Muulize kaka Kibwana. Yeye ndiye aliyeniambia nichukue ujira wangu humo humo. Alisema mzee wa kijijini hana kazi na vitu vikubwa."

Niliondoka bila kuaga. Njia nzima nilijiambia anakusingizia ili asiwe peke yake. Lakini hayo maneno, "mzee wa kijijini", ni yako, kaka. Umeyasema hata kwangu, kwa utani. Zaidi hana maneno hayo.

Mzee sijamwambia. Kila akifika salama chini ya mlima husema, "Kibwana amenifaa," na mimi naenda jikoni.

Kwa hiyo nakuuliza, ulimwambia? Pengine ulitamka kwa haraka, uko kazini, hukufikiri itafika wapi. Pengine hukusema kabisa. Usinipigie simu, sauti naweza kuisikiliza vibaya. Niandikie kwa mkono wako, na neno moja linatosha, ndiyo au hapana. Kama ni hapana, nitakuomba radhi na nitamwita Zaidi muongo mbele ya ukoo mzima. Kama ni ndiyo, basi utamwambia Mzee wewe mwenyewe, kwa sababu hilo mimi siwezi kulibeba hadi kitini kwake.

Na tafadhali usitume mashine nyingine. Hii inatutosha.

Nisalimie wifi Maryamu, mwambie kitenge alichoagiza nimeshakipata. Mbusu Mdoe mdogo, mwambie babu yake anaendesha lori. Nasinkoi naye anakusalimu, ingawa hajakuona. Mzee anakusalimu sana. Amesimama nyuma yangu sasa hivi, anadhani naandika habari za mvua.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na akurahisishie ulimi kusema lililo kweli.

Mimi mdogo wako, ambaye hata leo anakupenda,

Mwaija Mhina