Mkono wa Kulia wa Gauni la Getruda

Kasiani, mtani wangu,

Kamwene. Usione nimekuandikia ukadhani nimepata akili. Darasa langu ni lile lile la pili, kwa hiyo barua hii usimwonyeshe malaika aliyesoma.

Siku hizi wewe nani? Ndiyo, leo nauliza mimi. Miaka yote wewe ndiye uliyeniuliza, hata salamu haijaisha. Nilitoka Lupa, dhahabu imenikimbia, nimebaki na tope kwenye kucha. Nikakukuta kwenye cherehani yako pale barazani, Iringa mjini, ukasema, "Kamwene Mngoni, siku hizi wewe nani?" Nikasema dereva wa lori, Mbeya na Iringa. Macho yangu yakaanza kuona ng'ombe wawili alipo mmoja, wakaninyang'anya usukani. Ukauliza tena. Nikasema mfanyabiashara wa ulanzi. Ulicheka mpaka sindano ikakuchoma! Na kweli. Pombe ile ya mianzi ikichacha haitaki kufungwa mdomo, mimi nikainunua Igowole, nikaitia kwenye chupa, nikaigongea vizibo kama soda, nikaishusha Chimala kwenye joto. Zilipasuka sokoni moja baada ya moja, watu wakalala chini. "Wangoni wamerudi," ukasema, "na safari hii wana mizinga."

Sasa sikia ulichoniachia. Msibani kwako nilifanya kazi ya mtani. Babu zenu walipigana na babu zetu Wangoni, sisi tukarithi matusi. Nikavaa koti lako, nikakaa kwenye cherehani yako, nikakuiga: ulimi nje, jicho moja umefumba, unamlaumu mteja kwa kunenepa. Watu walicheka na makamasi. Mkeo naye akacheka, kisha akaingia ndani, akatoka na gauni la arusi la Getruda wenu. Mkono mmoja umeshonwa, wa kulia bado. Akaniwekea mapajani.

"Shemeji, umemwiga vizuri. Basi malizia."

Nikadhani utani. Lakini arusi ilikuwa imeshatangazwa kanisani, na mafundi wote mjini walikataa kugusa kazi ya marehemu. Wakasema hiyo ni ya mtani wake, yeye ndiye hadhuriki.

Kasiani, ulikuwa unafanyaje? Nauliza kweli. Mbona mkono wa gauni ukiulaza mezani una umbo la kengele, na bega la mtoto halina? Niliushona, ukatazama nyuma. Nikafumua. Nikaushona, ukabana kwapani. Getruda akasema, "Baba mdogo, nitaolewa bila kuinua mkono?" Nikafumua. Mwisho nikafumua kidogo na ule wako wa kushoto, nichungulie. Kumbe! Vijikunjo vidogo vidogo begani, kwa ndani, pasipoonekana na mtu. Mwongo mkubwa wewe, ukituambia ni kipaji!

Nikaukunja na wa kulia hivyo hivyo. Alivaa. Wa kulia umeshuka kidogo, nikamwambia ashikie maua mkono huo. Walipotoka kanisani akauinua juu, maua na yote, kumpungia mama yake. Wengine walitazama uso wake. Mimi nilitazama kwapa. Mshono haukuachia, Kasiani. Nililia kama mjinga, nikasingizia vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Juzi nilikuwa barazani natia cherehani yako mafuta. Akaja bwana mmoja, kashika suruali yake kwa nyuma asiaibike.

"Fundi yupo?"

Nikageuka kukutafuta. Hapakuwa na mtu.

"Yupo," nikasema.

Basi lala, mtani. Nakuahidi cherehani haitashika kutu, na wateja wako nitawalaumu kwa kunenepa kama ulivyowazoesha. Nami siku nitakayofika huko, uniulize lile swali lako kabla sijaketi. Sijui nitakujibu nini. Hata mimi natamani kusikia.

Mtani wako,
Oswadi